Transista ya polima: geti la dhahabu na ute wa yai

Natengeneza transista ya kutambua protini, yaani kifaa ambacho volti ndogo hudhibiti mkondo wa umeme. Hatimaye geti lake la dhahabu, waya unaoipa volti hiyo, limepatikana, na limeonyesha tofauti palipo na protini. Kwa hiyo leo nitaandika zaidi juu ya geti, utando nitaupitia haraka.

Kwa anayeanza kufuatilia: transista hii si ya silikoni. Mkondo hupita kwenye utando wa PEDOT:PSS, polima (aina ya plastiki) ya samawati inayopitisha umeme, uliopakwa juu ya kioo cha hadubini. Juu yake hukaa tone la maji ya chumvi, na geti huzamishwa humo. Ukilipa geti volti chanya, ayoni za sodiamu, chembe za chumvi zenye chaji, husukumwa hadi ndani ya utando na mkondo hushuka. Kwa kuwa ayoni huingia unene wote wa utando, badiliko dogo getini huleta badiliko kubwa kwenye mkondo. Transista ya namna hii ilionyeshwa mwaka 1984 na Mark Wrighton na wenzake kule Marekani, wakitumia polima nyingine, polipiroli. Mimi sivuki volti 0.6, kwa sababu volti zikizidi, maji yenyewe huanza kuvunjika.

Utando sasa umetulia. GOPS kidogo, kemikali ya kuushikiza utando, ndani ya mchanganyiko, kisha joto la nyuzi 140, na haubanduki tena ukilowa. Unyevu wa Mombasa ni adui mkubwa, maana PSS, sehemu ya polima hiyo, hufyonza maji hewani, basi vioo vyangu naviweka kwenye chupa iliyofungwa pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Dhahabu niliipata kwa sonara wa Mji wa Kale. Nilimwomba uzi mwembamba wa karati 24, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hii ni laini mno, haifai hata kipuli."

"Hiyo hiyo ndiyo niitakayo, mzee. Ikichanganywa na shaba itaharibika kwenye chumvi."

Akaupitisha uzi kwenye tundu za bamba la chuma, moja baada ya nyingine, kila tundu dogo kuliko la kabla yake, na kila mara uzi ukatoka mrefu zaidi na mwembamba zaidi. Nimeupaka rangi ya kucha, nikaacha ncha tu wazi.

Ncha hiyo ndogo ina sababu. Geti na utando ni kama kapasita mbili (vihifadhi chaji) zilizofuatana, na volti nyingi huangukia ile yenye uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji. Geti likiwa kubwa, au likiwa la fedha yenye kloridi, kinachotokea juu ya uso wake hakionekani sana. Likiwa dogo na la dhahabu, protini zikiugandia uso wake, uwezo wake hupungua na mkondo wa utando husogea.

Kwa jaribio nilitengeneza jozi. Geti moja ni tupu. La pili nilililoweka kwanza kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ili uso wake ujae protini za maziwa. Kote nikaongeza ute wa yai uliozimuliwa kwa maji yale yale ya chumvi. Upande wa geti tupu mkondo ulipanda polepole, kisha ukatulia. Upande wa maziwa haukusogea sana. Nilipoongeza maji ya chumvi peke yake, pande zote mbili zilinyamaza. Bila jozi hii nisingeamini namba yoyote, kwa sababu mkondo wa polima huteleza wenyewe hata usipoguswa.

Lakini dhahabu tupu hushika protini yoyote. Haichagui. Ili ichague inahitaji kingamwili, yaani protini inayonasa kitu kimoja mahususi, na hapo ndipo chumvi inapoleta shida: katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, chaji hufichwa na ayoni baada ya nanomita 0.8 hivi, ilhali kingamwili moja ina urefu wa takriban nanomita 10, hivyo chaji ya kinachonaswa kwenye ncha yake hailifikii geti. Nikiyazimua maji mara 100, umbali huo hufika karibu nanomita 8. Kundi la Luisa Torsi kule Bari, Italia, lilitangaza mwaka 2018 kwamba limetambua protini ikiwa molekuli moja, na lilitumia geti pana lililosheheni kingamwili. Mimi sina haja ya kufika huko. Nataka tu geti litofautishe albumini, protini ya ute wa yai, na protini za maziwa.

Bei ya kingamwili nimeshaulizia. Zinataka ubaridi njia nzima hadi zifike hapa, na kwa sasa natafuta wa kunisafirishia.