Ekari 160 za Mzee Freeman

Kutoka Lincoln, Nebraska, tuliifuata barabara ya 77 kuelekea kusini, mahindi huku, soya kule, mpaka macho yakachoka. Shemeji yangu, ambaye wageni wake wengine huomba kupelekwa Chicago, hakuelewa kwa nini mimi nimechagua shamba. Mji wa Beatrice tuliupita bila kushuka. Shamba liko magharibi yake, mwendo mfupi tu, na sasa ni hifadhi ya taifa.

Hapa aliishi Daniel Freeman, anayetajwa kuwa mlowezi wa kwanza kupata ardhi chini ya sheria iliyosainiwa na Abraham Lincoln mwezi Mei 1862. Unapewa ekari 160, ada zote dola 18 hivi. Ujenge, ulime, ukae miaka mitano, kisha hati ni yako. Inasimuliwa kwamba mkesha wa mwaka mpya Freeman alikuwa Brownville, kando ya mto Missouri, akambembeleza karani afungue ofisi ya ardhi usiku wa manane kwa kuwa alitakiwa kurudi vitani. Jina lake likaandikwa tarehe 1 Januari 1863. Wapo wengine waliojiandikisha siku hiyo hiyo kwingineko, na kwa maoni yangu ukwanza huo ulimwendea aliyejua kujitangaza. Pichani ameshika bunduki, na uso wake ni wa mtu asiyependa kubishiwa.

Aliyenivutia zaidi ni mkewe. Agnes Suiter, binti wa Le Claire, Iowa, alikuwa mchumba wa James, ndugu yake Daniel. James akafa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Daniel, mgane mwenye watoto, akaanza kumwandikia barua, na posa ikapita humo humo kwenye barua. Wakaoana mwaka 1865.

"Kumbe na wao walikuwa wanarithi wajane," shemeji akasema.

"Alikuwa hajaolewa, shemeji. Mchumba tu."

"Haya, karibu ni yale yale."

Binti huyo aliacha mji wa kando ya Mississippi akaja kulea watoto mahali ambapo jirani alikuwa mbali. Mumewe alifariki mwaka 1908. Yeye akaishi mpaka 1931. Wamezikwa humo humo shambani.

Nyumba ya magogo iliyopo hifadhini si yao. Ilijengwa na familia nyingine ya wilaya hiyo mwaka 1867, futi 14 kwa 16. Niliingia nikajaribu kupanga kichwani jiko, kitanda na watoto kwa msimu mmoja wa baridi, sikufaulu.

Nje tulipita katika nyasi ndefu zilizoanza kurudishwa mwaka 1939, baada ya jembe kuzimaliza. Watunzaji huzichoma makusudi ili zichipue, jambo ambalo mfugaji yeyote wa kwetu angewaeleza bila kulipwa. Ardhi hii ilikuwa ya Waoto na Wamissouria, makabila ya wenyeji wa asili. Mkataba wa 1854 uliwabana kwenye kipande kando ya mto Big Blue, na mwaka 1881 wakahamishiwa Oklahoma. Maelezo yao yapo, lakini Freeman ndiye mwenye jina.

Tulimalizia kwenye shule ya matofali ya mwaka 1872, inayoitwa Freeman. Mwalimu alikuwa akiwasomea watoto Biblia na kuwaongoza kwa sala. Mzee, uzeeni kabisa, akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1902 Mahakama Kuu ya Nebraska ikampa ushindi, miaka 60 kabla ya mahakama ya juu ya taifa kukataza sala za shule za umma. Shemeji, mwalimu wa Jumapili kanisani kwake, hakufurahi hata kidogo. Tulibishana mpaka Lincoln, na nadhani Freeman angependa kuwemo garini.