Jinsi nilivyoirudishia kasi kompyuta yangu ya zamani

Kompyuta yenyewe ina RAM ya GB 4, diski ngumu ya kuzunguka na Windows 10. Ilikuwa ukiiwasha, taa ya diski haizimi na kipanya kinakwamakwama.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager, nione nini kinaielemea. Prosesa ilikuwa imetulia. Diski ndiyo iliyofika asilimia 100. Basi nikaanza na programu zinazojifungua zenyewe kompyuta inapowaka, ambazo zina orodha yake kwenye dirisha hilohilo. Nilizima za muziki, za simu za video na za kutafuta masasisho, nikaacha antivirasi na dereva ya sauti, yaani programu inayoendesha sauti ya kompyuta. Kuzima hapo si kufuta: programu bado inafunguka ukiihitaji. Nafuu kubwa ilitoka hapa, mengine ni nyongeza.

Kisha nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika sysdm.cpl, nikaenda kwenye mipangilio ya utendaji. Nilichagua kasi badala ya urembo, halafu nikarudisha tiki moja tu, ya kulainisha kingo za herufi. Bila hiyo kusoma ni adhabu. Vivuli na madirisha yanayoteleza sikuvikumbuka hata kidogo.

Kumbukumbu pepe, yaani sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada, sikuigusa. Wapo wanaoshauri izimwe, lakini kwa RAM ndogo hivi ni kujitafutia balaa, kwani RAM ikijaa programu hujifunga ghafla.

Niliwasha upya. Taa ya diski sasa inatulia mapema, na kivinjari kinafunguka bila kuganda.