Wagonjwa waliokuwa wakizaliwa jana yake: jinsi nilivyotatua

Kama mfumo wa kliniki yako unatuma rekodi kwenye mfumo wa hospitali ya rufaa kwa FHIR (kanuni za kimataifa za kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo), na kila mgonjwa anafunguliwa faili jipya huko ilhali analo la zamani, anza na tarehe ya kuzaliwa.

Sisi tulisafisha majina, tukalegeza masharti ya kulinganisha, tukahakiki namba za wagonjwa. Wapi!

Waliotufumbua macho ni wazee. Wengi hawajui siku waliyozaliwa, kwa hiyo mapokezi huwaandikia 1 Januari. Upande wa pili wote walisomeka 31 Desemba: bibi wa 1952 kawa wa 1951.

Kumbe hifadhidata yetu ilitunza tarehe pamoja na saa, yaani 00:00 ya Afrika Mashariki. Programu ya kutuma iliigeuza kuwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, ikawa 21:00 ya jana yake. Kisha ikakata saa na kutuma tarehe iliyobaki.

Katika FHIR, birthDate (sehemu ya tarehe ya kuzaliwa) ni tarehe tupu, haina saa. Basi nikageuza safu ya tarehe ya kuzaliwa kwenye hifadhidata yetu iwe ya tarehe tu, nikaondoa ubadilishaji wa UTC hapo pekee (muda wa vipimo uache na +03:00 yake, alama ya saa zetu), nikajaribu na mgonjwa wa bandia wa 1 Januari, ndipo nikatuma upya rekodi zilizotangulia. Mafaili pacha waliyaunganisha watu wa masjala, moja moja. Hilo usiiachie programu. Ikikosea, mtu atapewa dawa za mwenzake.