Kikombe cha Fedha na Miaka Isiyoelezwa
Katika orodha ya mnada mmoja wa Ulaya niliyoipitia wiki hii nikiwa hapa Nairobi, nimeona kikombe cha fedha cha kidushi, kile ambacho familia ya Kiyahudi hubarikia divai usiku wa Sabato. Mihuri ya kitakoni imeelezwa kwa makini: tunda la msonobari, alama ya mji wa Augsburg nchini Ujerumani, ambako mafundi Wakristo ndio waliowafulia Wayahudi vyombo vya ibada kwa sababu vyama vya mafundi viliwafungia mlango. Kuhusu wamiliki, hata hivyo, pameandikwa tu kwamba kimetoka kwa mtu binafsi.

Hilo halitoshi kabisa. Mwaka 1939 utawala wa Wanazi uliwalazimisha Wayahudi wa Ujerumani kusalimisha dhahabu na fedha zao, na vyombo vingi vikayeyushwa. Kwa hiyo muuzaji anapaswa kueleza kilikuwa mikononi mwa nani kati ya 1933 na 1945, miaka ya utawala huo. Kanuni za Washington za 1998, makubaliano ya kimataifa kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi, zinahimiza utafiti huo, ingawa hazimfungi mtu kisheria. Sisi Wakenya, ambao vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viliibwa na kuuzwa ng'ambo tunaujua uchungu huu. Nimewaandikia wauzaji, na naamini kikombe hicho hakistahili kunadiwa kabla hawajajibu.