Ya baridi au ya moto? Siku moja na mvinyo katika joto la Dar

Saa 3 asubuhi

Februari ya Dar es Salaam haina asubuhi. Unatoka kuoga, unapanda daladala, ukishuka Msasani shati limeshakuganda mgongoni. Kaskazi inavuma, ila inavuma na unyevu wote wa bahari. Mchana kipimajoto kikisema 32, mwili unasikia zaidi ya hapo, na usiku nao haupoi.

Nasimamia mvinyo kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni. Wazungu wananiita somelie, wenzangu wa zamu wananiita dada waini, mama yangu huwaambia majirani kwamba niko "hotelini". Yote sawa.

Kabla hata ya chai naingia stoo. Nyuzi 15. Nashukuru Mungu, maana jana usiku umeme ulikuwa unachezacheza. Stoo yetu haina dirisha, AC yake haizimwi, na mtu akiacha mlango wazi sauti yangu inasikika hadi jikoni. Watu hudhani kazi hii ni kuonja na kusifia. Huku pwani kazi kubwa ni kuzuia joto lisifike kwenye chupa, kisha kulizuia lisifike kwenye glasi.

Saa 4 na nusu

Mzigo unafika, na umefika kwa kirikuu. Wazi nyuma, hakuna turubai, maboksi yamechomwa na jua la foleni nzima. Natoa chupa moja moja kutoka kila boksi na kupitisha kidole gumba mdomoni mwa chupa. Kwenye boksi moja kidole kinakwama: kizibo kimejiinua na kusukuma ule mfuniko wa foili, na ukiibandua foili unakuta pembeni pananata. Mvinyo umepata joto, umetanuka, umesukuma kizibo, ukavuja kidogo. Ukipoa unarudi chini na kuvuta hewa. Hapo tunda limeshakwenda, kinachobaki kina ladha ya jamu iliyoungua.

"Dada, si zimepata joto kidogo tu?" dereva ananiuliza.

"Kidogo tu kaka yangu, ndiyo maana narudisha boksi moja tu."

Anacheka, anaweka saini. Si kosa lake, gari kapewa. Chupa zenye mfuniko wa kuzungusha ni ngumu zaidi kuzikagua kwa sababu hazisemi kitu kwa nje. Hizo nafungua moja na kuonja palepale.

Ukitazama nilichoagiza utajua ni msimu gani. Nyeupe ya Chenin Blanc ya Dodoma, Chenin ya Afrika Kusini, rozé (mvinyo wa waridi) ya Provence, Ufaransa, Vinho Verde ya Ureno, vyenye mapovu viwili vitatu, na Gamay, nyekundu nyepesi ya Beaujolais, Ufaransa pia. Nyekundu nzito zimepungua sana. Meneja hapendi, maana hizo nzito ndizo zenye faida. Tutarudi kwa meneja.

Saa 6 mchana

Kabla ya wateja nakusanya wahudumu dakika 20. Leo nimechukua nyekundu moja tu, Cinsault kutoka Afrika Kusini, nikaimimina glasi tatu. Ya kwanza imekaa kaunta tangu saa 4, iko kama nyuzi 29. Ya pili imetoka ndoo ya barafu, nyuzi 13. Ya tatu imetoka kwenye friji ya bia, nyuzi 4. Sikuwaambia kwamba ni mvinyo uleule.

Ile ya moto wote wameikunjia uso. Kilevi kinapanda puani kabla hujaonja, kinywani unasikia uzito na utamu wa ajabu. Ya friji ya bia hainukii chochote na inakauka ulimini. Ya katikati ndiyo wameigombania: cheri, maji mdomoni, unataka funda jingine. Kijana mmoja mgeni kaapa kwamba ile ya tatu ni mvinyo wa bei chee na ya pili ni ghali.

Basi hapo ndipo nilipotaka tufike. Joto linakipa kilevi nguvu na kuulegeza mvinyo. Baridi inazima harufu na utamu, inaukuza uchachu na ule ukakasi wa tanini, ukakasi uleule wa chai iliyochemka ikapitiliza. Ndiyo sababu nyekundu zenye tanini kidogo, kama Cinsault, Gamay au Pinot Noir nyepesi, zinapendeza zikiwa na ubaridi, na Cabernet changa, yenye tanini nyingi, ukiigandisha inakuwa kama kutafuna ganda la ndizi mbichi. Wapenzi wa mvinyo hawaachi nyekundu kwa sababu ya jua. Wanabadilisha nyekundu.

Kaka mmoja wa zamu yetu ni Mwislamu, hanywi. Yeye hunusa tu, halafu hushika shingo ya chupa na kusema "bado" au "tayari". Huwa nahakikisha kwa kipimajoto kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini kwa kweli simhitaji mwalimu mwingine wa kufundisha hawa vijana.

Saa 7

Chakula cha mchana. Pweza wa nazi, changu wa kuchoma, kachumbari yenye ndimu nyingi. Meza ya watu wa ofisini wanataka "kitu chepesi, tuna kikao saa 9". Vinho Verde imetengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Inatoka kaskazini magharibi mwa Ureno, kilevi mara nyingi ni asilimia 9 hadi 11 na kidogo, ina mchomo mdogo wa gesi na uchachu unaochukua nafasi ya ndimu kwenye samaki. Hakuna atakayeiandikia shairi. Saa 7 mchana nani anataka shairi?

Meza ya pili ni wageni wa nje wanaoulizia mvinyo wa hapahapa, na hapo huwa najivutia kiti rohoni. Zabibu za Dodoma zinakua kwenye mwinuko wa kama mita 1,100, mahali pakavu, usiku panapoa kuliko huku kwetu. Tena huvunwa mara mbili kwa mwaka: mavuno haya ya Februari na Machi, na mengine kuanzia Agosti. Mzabibu wa Ulaya unalala wakati wa baridi, wa Dodoma unaamshwa na mkulima: akishapogoa, unaanza upya. Wengi wanaijua Dodoma kwa mvinyo mtamu wa sherehe na wa kanisani, lakini Chenin Blanc kavu ya kule, ikihudumiwa kwenye nyuzi 8 au 9, inanukia embe dodo ambalo halijaiva sawasawa na inakata mafuta ya nazi vizuri. Si chupa zote; kuna zinazotoka zimechoka. Ile niliyonayo sasa iko imara, na wageni wameagiza ya pili.

Saa 10 alasiri

Mgahawa umetulia na umeme umekatika. Jenereta linachukua AC ya stoo na friji za jikoni. Mashine ya barafu inabaki nje ya hesabu. Namtuma kijana wa baa na bodaboda akanunue barafu, mifuko yote atakayoweza kufunga.

Ndoo nayo ina ufundi wake, na ni ufundi rahisi mno kwa jinsi unavyopuuzwa. Ukijaza barafu tupu, chupa inagusana na vipande vichache na katikati kuna hewa. Weka barafu nusu, maji nusu, chupa izame hadi shingoni. Ukiwa na haraka tia konzi mbili za chumvi: maji ya chumvi yanashuka chini ya sifuri bila kuganda, na chupa iliyokuwa vuguvugu inafaa kunywewa baada ya dakika 20 hivi. Friji ya kawaida inataka saa mbili au zaidi. Friza usiiamini. Utasahau, na mvinyo ukiganda unasukuma kizibo au unapasua chupa.

Jambo la pili ni kumimina kidogo. Glasi iliyojaa kwenye hewa ya nyuzi 31 inakuwa supu kabla mtu hajamaliza hadithi yake. Robo glasi, chupa irudi kwenye ndoo, urudi tena. Wateja wengine wanadhani tunabania.

Saa 12 jioni

Jua linashukia upande wa ghuba na kila mtu anataka kitu mkononi kwa ajili ya picha. Hii ni saa ya rozé. Provence, ambako takribani asilimia 90 ya mvinyo wote ni rozé, wamejenga uchumi mzima juu ya saa hii. Rangi yake ya waridi hafifu inatokana na maganda ya zabibu nyekundu, Grenache na Cinsault hasa, kukaa na juisi kwa muda mfupi tu. Mkavu, mwepesi, nyuzi 8 hadi 10.

Mama mmoja, mwenyeji, mtu mzima mwenye vitenge vya kupendeza, ananiita kwa kidole na kuninong'oneza kama anayeomba kitu cha haramu: "Mwanangu, naweza kupata barafu humu ndani? Au mtanicheka?"

"Shikamoo mama. Barafu nakuletea sasa hivi."

Namletea kwenye bakuli dogo na koleo, aweke mwenyewe kadiri anavyotaka. Kusini mwa Ufaransa wanakunywa rozé kwenye glasi kubwa iliyojaa barafu na wanaiita piscine, yaani bwawa la kuogelea. Moët & Chandon wana shampeni yao, Ice Impérial, waliyoitengeneza makusudi iwekwe barafu. Mvinyo wa kutafakari usiuwekee, sawa, utaupoozea uhai. Ila rozé ya saa 12 jioni, Februari, Dar? Mama yangu, jaza.

Kaunta wamekaa vijana wanaochanganya nyekundu na Koka, nao wameshika glasi chini ya meza nikipita. Kwa Wabasque, kule Hispania, kinywaji hicho kina jina, kalimotxo, nusu kwa nusu, na vijana wanakinywa hadharani kwenye sherehe. Wahispania wengine wanachanganya nyekundu na soda nyeupe yenye limau, tinto de verano. Waaustria wanatia maji ya gesi kwenye mvinyo mweupe. Kote huko ni watu wenye mashamba ya mizabibu mlangoni. Nimewaambia vijana wapandishe glasi juu ya meza, nikawapa na kipande cha limau.

Kuna mmoja tu jioni hii kaniomba Fino, ile sheri nyeupe kavu ya Hispania. Moyo wangu uliruka. Fino inatoka Jerez, Andalusia, ambako kiangazi kinaweza kupita nyuzi 40, na inavunja kanuni yangu ya kilevi kidogo kwa sababu ina asilimia 15. Lakini inanywewa baridi sana, glasi ndogo, kavu kabisa, yenye chumvichumvi. Inakomaa ndani ya mapipa chini ya utando wa hamira unaoizuia isiguswe na hewa. Nimempelekea na korosho za kukaanga. Hakusema neno hadi glasi ilipokwisha, kisha akaagiza nyingine.

Saa 2 usiku

Hapa ndipo kazi inapokuwa kazi. Meza ya bustanini ina mzee kutoka Ulaya aliyetua leo, bado ana rangi ya theluji. Anataka Shiraz ya Barossa, nyekundu nzito ya Australia, asilimia 14.5, na anasisitiza iletwe kwa joto la chumba. Chumba kina nyuzi 30! Joto la chumba lililokuwa linasemwa zamani ni la nyumba za mawe za Ulaya, 16 hadi 18. Sibishani na mteja. Naitoa chupa stoo ikiwa na 15, naionyesha, naifungua, na kuiacha ndani ya ndoo yenye maji mengi na barafu chache. Mwenyewe ananywa, ananyanyua nyusi, anaongeza. Nusu chupa ikabaki. Akaagiza bia.

Bia, kwa njia, wahudumu wetu hawapeleki bila kuuliza: ya baridi au ya moto? Baa yoyote ya nchi hii utaulizwa hivyo. Chupa ya mvinyo yenye bei mara kumi ya bia inapelekwa mezani bila swali lolote. Nimeanza kuwafundisha waulize.

Meza ya akina dada wanaosherehekea siku ya kuzaliwa wanataka "nyekundu tamu, baridi kabisa", na kamba wa pilipili. Yule kijana mgeni alitaka kutabasamu, nimemkanyaga mguu. Wana hoja, maana pilipili na kilevi kikali vinawashana moto kinywani, na utamu kidogo unaupoza. Nimewaonjesha Moscato d'Asti kutoka Italia, asilimia 5 na kidogo, tamu, mapovu laini, na Riesling Kabinett, nyeupe ya Mosel, Ujerumani, asilimia 8 au 9, tamu ila ina uchachu wa kuisimamisha. Watatu wamehamia Moscato. Mwenye siku yake amebaki na nyekundu yake tamu na barafu. Keki ni yake, achague.

Saa 5 usiku

Nahesabu chupa. Rozé imeisha yote, Chenin ya Dodoma imebaki moja, Shiraz imeondoka ile moja tu ya mzee. Mabaki ya mweupe yanakwenda kwa mpishi kwa ajili ya mchuzi wa kesho. Fino naifunga na kuirudisha friji. Ikishafunguliwa siku chache tu inapoteza makali.

Kesho mchana kuna kundi kubwa la mkutano, na meneja anataka Cabernet ibaki kwenye menyu yao kwa sababu ndiyo yenye faida. Tumesimama kaunta tukivutana. Mwisho nimemwambia sawa, ibaki, ila naiingiza friji saa 5 asubuhi na naitoa nusu saa kabla hawajakaa, na juu ya menyu naandika Gamay kwanza. Amekubali yote isipokuwa mpangilio wa menyu. Hilo tutalimaliza asubuhi.