Kompyuta inapokataa kuingia kwenye domeini: uzoefu wangu wa kuutafuta mzizi kwenye DNS

Kompyuta ya Windows ikikataa kuingia kwenye domeini (kundi la kompyuta linalosimamiwa kwa pamoja) kwa kisingizio kwamba haikuweza kuwasiliana na DC, yaani seva inayotawala domeini, mimi sianzi na fayawoli, sianzi na nenosiri la msimamizi, wala siwashi upya chochote. Naanza na DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Kabla kompyuta haijatuma nenosiri lolote, inauliza swali moja tu: nani hapa anahudumia domeini hii? Swali hilo linakwenda kwa seva ya DNS na linaulizia rekodi ya aina ya SRV, ile inayotaja seva inayotoa huduma fulani. Jibu likikosekana, au likiwa na anwani isiyo sahihi, safari inaishia hapo hapo.

Katika mifano yangu domeini ni ofisi.internal, DC inaitwa dc01 na ina anwani 192.168.10.5, na ruta ya intaneti ni 192.168.10.1. Weka za kwako.

Kwanza kabisa, soma kisanduku cha kosa mpaka mstari wa mwisho. Wengi wanakifunga wakishaona sentensi ya juu, na hapo wanajinyima msaada wote uliomo. Bonyeza Details. Mle ndani utakuta namba ya kosa, rekodi iliyoulizwa, na chini yake anwani za seva za DNS ambazo kompyuta imewekewa. Hizo anwani ndizo nazitazama kabla ya kitu kingine. Nikikuta 192.168.10.1 au 8.8.8.8 mahali pa 192.168.10.5, nimeshapata jibu. Ruta na seva za nje hazijui chochote kuhusu ofisi.internal, na haziwezi kujua.

Namba nazo zinasema mengi. 0x0000232B maana yake seva iliyoulizwa imejibu, na imejibu kwamba jina hilo halipo. Mara nyingi umeuliza seva isiyohusika, au umekosea herufi. 0x0000232A ni seva ya DNS iliyoshindwa kulishughulikia swali lenyewe, kwa hiyo matatizo yako upande wa seva. 0x000005B4 ni muda kuisha bila jibu. Hapo ndipo fayawoli, kebo, au VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi) vinaingia kwenye hesabu, na mlango wa kuangalia ni 53, UDP na TCP pia. 0x0000267C ni kompyuta isiyo na seva yoyote ya DNS.

Kuna ujumbe mwingine unaofanana na hii lakini ni ugonjwa tofauti: SRV imepatikana, DC imetajwa kwa jina, ila haifikiki. Hapo usihangaike tena na SRV. Angalia rekodi ya A ya dc01, inayounganisha jina na anwani. DC yenye kadi mbili za mtandao, au yenye VPN, husajili anwani zake zote kwenye DNS, na kompyuta ya mezani inaweza kupewa ile isiyofikika. Ingia kwenye sifa za kadi isiyohusika, ondoa tiki ya kusajili anwani kwenye DNS, kisha ufute rekodi mbovu kwa mkono.

Baada ya kusoma kosa, nauliza swali lile lile ambalo kompyuta iliuliza, kwenye dirisha la amri:

nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.internal.

Nukta ya mwisho si pambo. Inazuia nslookup isibandike kiambishi kingine nyuma ya jina. Jibu zuri linataja mlango 389 na jina dc01.ofisi.internal. Lisipokuja, narudia swali nikimtaja wa kuulizwa:

nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.internal. 192.168.10.5

Amri hizi mbili zinagawa tatizo katikati. Ya pili ikijibu na ya kwanza ikakataa, seva ni nzima na kosa liko kwenye mipangilio ya kompyuta. Zote zikikataa, ondoka kwenye kompyuta uende kwenye seva. Ukiona nslookup inaandika «UnKnown» mbele ya jina la seva, usishtuke: hakuna rekodi ya kinyume, ya kugeuza anwani hiyo kuwa jina, na hilo halizuii kuingia kwenye domeini.

Ping isikudanganye. Kompyuta zilizo kwenye sabneti moja (sehemu moja ya mtandao) zinaweza kutafutana kwa kuita mtandao mzima, kupitia LLMNR au NetBIOS, bila DNS kuhusika. Ndiyo maana dc01 inajibu ping huku domeini ikikataa. Kwa sababu hiyo hiyo, kuandika dc01 kwenye faili la hosts hakusaidii: faili lile linabeba majina na anwani tu, halina nafasi ya SRV. Nimeona mafaili ya hosts yaliyojazwa hivi na kuachwa, kisha siku DC inapobadilishwa anwani, kompyuta hizo ndizo zinazosumbua.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni lile la kuweka DC kama DNS ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili, «ili intaneti isikatike». Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Windows haiulizi seva zote mbili na kuchagua jibu bora. Inauliza ya kwanza. Ikichelewa kujibu, inahamia ya pili. Na ya pili ikisema jina halipo, kompyuta inalikubali jibu hilo na haiulizi tena kwingine. Ndipo unapata kompyuta inayokubali asubuhi na kukataa mchana, na fundi anatafuta tatizo kwenye swichi. Weka DC peke yake, au DC mbili kama unazo. Intaneti inashughulikiwa kwenye seva: fungua programu ya DNS, ingia kwenye sifa za seva, kichupo cha Forwarders (seva zinazopelekewa maswali ya nje), weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 pale.

Kurekebisha kompyuta moja moja ni kujichosha. Anwani za DNS zinagawiwa na DHCP, huduma inayozipa kompyuta mipangilio ya mtandao, kwa chaguo namba 006. Chaguo 015 linagawa jina la domeini. Ruta nyingi ndogo hujigawia zenyewe kama DNS na baadhi hazikuruhusu kubadilisha. Ikiwa yako ni hivyo, zima DHCP ya ruta na uiwashe kwenye seva. Usiache zote mbili zikigawa.

Sasa jambo linalowapita hata mafundi wazoefu. Umeweka IPv4 (anwani za kawaida kama 192.168.10.5) sawasawa, umehakiki, na bado Details inaonyesha anwani ya ajabu inayoanza na fe80 au 2. Ruta inatangaza DNS yake kwa IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani, na Windows inaweza kuiuliza hiyo kwanza. Hakiki kwa:

netsh interface ipv6 show dnsservers

Dawa bora ni kuzima tangazo hilo kwenye ruta. Isipowezekana, kwenye Windows 10 na 11 za karibuni unaweza kuikataza kadi isilipokee, ukiweka jina la kadi yako:

netsh interface ipv6 set interface "Ethernet" rabaseddnsconfig=disable

Sizimi IPv6 nzima. Microsoft wenyewe hawashauri hivyo. Na ukiwa hapo, angalia kama laptopu imeunganishwa pia kwenye hotspoti ya simu. Ikate kabla ya kujaribu tena.

Upande wa seva, kama SRV hazipo kabisa, tazama DC inaelekea wapi kwa DNS yake yenyewe. DC iliyowekewa ruta kama DNS inajaribu kujisajili mahali pasipoikubali, na ushahidi uko kwenye kumbukumbu za matukio: Netlogon, namba 5774. Ielekeze kwake yenyewe, hakikisha zoni (sehemu ya DNS yenye rekodi za domeini) inaruhusu masasisho ya moja kwa moja, kisha:

ipconfig /registerdns
net stop netlogon
net start netlogon

Orodha ya rekodi zinazotakiwa kuwepo iko kwenye C:\Windows\System32\config\netlogon.dns. Ilinganishe na unachokiona kwenye zoni ya _msdcs. Kisha rudi kwenye kompyuta, andika ipconfig /flushdns ili jibu la zamani la «halipo» lifutwe, na uhakiki kwa:

nltest /dsgetdc:ofisi.internal

Hii ikitaja dc01 na anwani yake, jaribu kuingia, na andika jina kamili, ofisi.internal, si OFISI peke yake. Jina fupi linapitia njia ya NetBIOS, na kwenye sabneti nyingine njia hiyo kwa kawaida haifiki.

Kwa Ubuntu, jihadhari na domeini zinazoishia na .local. Mwisho huo ulitengwa mwaka 2013 kwa mDNS, njia ya kompyuta kutafutana bila seva ya DNS, na mstari wa hosts kwenye /etc/nsswitch.conf mara nyingi una mdns4_minimal [NOTFOUND=return] kabla ya neno dns, hivyo swali haliifikii seva yako. Sogeza dns mbele, kisha jaribu realm discover.

Kosa likibadilika baada ya yote haya, hiyo ni hatua mbele. Logi ya C:\Windows\debug\netsetup.log itakuambia: 0x54b bado ni DC kutopatikana, kwa hiyo rudi kwenye DNS. Malalamiko ya saa ni Kerberos, mfumo wa domeini wa kuthibitisha utambulisho, ambao kwa kawaida hauvumilii tofauti inayozidi dakika 5. Na 0xaac ni akaunti ya kompyuta yenye jina hilo hilo iliyokwisha kuwepo, ambayo Windows inazuia kutumiwa tena tangu masasisho ya Oktoba 2022. Tumia akaunti iliyoiunda, au ifute kwenye Active Directory (hifadhi ya akaunti za domeini) kama haina mwenyewe, au ipe kompyuta jina lingine lisilozidi herufi 15.