Kabureta iliyosingiziwa

Pikipiki ya baba ilikuwa Honda CG125, aliyoipanda miaka yote ya ubwana shamba wake. Alipostaafu akaisukuma stoo, pale nyumbani Morogoro, akaifunika gunia, na kuku wakaanza kutagia juu ya siti. Mwaka 2011 nikaamua kuifufua. Silinda ikachongwa, nikanunua pistoni ya ovasaizi na ringi zake, gasketi zote mpya, na tenki nikalipeleka kupigwa rangi nyekundu. Spea hazikunisumbua. Bodaboda nyingi za Kichina zina injini iliyoigwa kwenye hiyo hiyo CG, ile ya pushirodi (fimbo za kusukuma valvu), kwa hiyo vitu vingi unavipata duka lolote la bodaboda.

Siku ya kwanza iliwaka kwa kiki ya tatu. Nikaipiga resi mbele ya jirani, nikajiona fundi.

Kesho yake haikukaa silensa, yaani kuunguruma taratibu bila kuipa mafuta. Bila choki, ile ya kuipunguzia hewa, inazima. Ukiipiga resi ukaachia, haishuki. Inabaki inalia juu kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, halafu inakata ghafla. Nikafungua plagi, nyeupe kama majivu. Hilo nilikuwa nalijua: hewa nyingi, petroli kidogo.

Kijiweni kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Nikaifungua mara nne ndani ya wiki moja. Boya halikuwa na tobo, sindano yake haikuwa imelika, jeti kubwa, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, ukiichungulia unaona mwanga. Ile ndogo, ya silensa, ndiyo niliyoishuku. Tundu lake hata sindano ya kushonea haipiti. Nikachomoa uzi mmoja wa waya wa breki nikaanza kuisukuma. (Usifanye hivyo. Jeti ni laini kuliko waya. Ukishalipanua lile tundu umetengeneza jeti nyingine, na hakuna wa kukurudishia ya kwanza.) Skrubu ya hewa nikaizungusha weee: mzunguko mmoja na nusu, miwili, mitatu. Wapi!

Mwisho nikanunua kabureta mpya, shilingi 30,000, nikaifunga. Tatizo lile lile, halikupungua hata chembe. Mwenye akili zake hapo angeshajiuliza. Mimi nikawa naapa kwamba nimeuziwa mbovu.

Jioni moja akaja fundi mzee, rafiki wa baba tangu zamani, kumjulia hali tu. Nikamwamkia, akaitikia huku anaisikiliza pikipiki.

"Hii nimeanza kuisikia kule barabarani. Inavuta hewa."

Bisibisi hakuigusa. Aliomba maji ya sabuni, yale ya kuoshea vyombo, na kitambaa. Akaniambia niiwashe kwa choki. Akawa anakamua kitambaa taratibu juu ya ule ungio wa kabureta na injini, kwenye kile kipande cheusi cha kuzuia joto. Povu lilipaswa kutiririka chini. Likanyonywa ndani, na mlio ukashuka palepale kama mtu aliyezibwa mdomo, kisha ukapanda tena. Akakamua mara ya pili. Ukashuka tena.

"Mwanangu, oringi ya hapa iko wapi?"

Ile pete ya mpira ya kuziba ungio ilikuwa kwenye kopo la misumari, na mimi ndiye niliyeitupa humo. Wakati wa kusafisha niliiloweka kwenye petroli pamoja na vyuma, ikavimba, ikakataa kukaa kwenye mfereji wake. Mahali pake nikapaka silikoni ya gasketi. Silikoni na petroli havipatani: ilishika siku ile moja ya kumringia jirani, ikalainika, ikaliwa. Wiki nzima nimefungua kila kitu isipokuwa kumbukumbu yangu.

Oringi mpya haikufika hata shilingi elfu moja. Kabureta ya zamani ikarudi mahali pake, nikaipa jeti ndogo ya ile mpya, bahati nzuri nyuzi zililingana. Silensa ikatulia tuli.

Jumapili nikampakia baba, tukashika barabara ya Iringa, Uluguru mkono wa kushoto. Kama kilomita nne hivi ikaanza kukohoa, ikazima. Nikasubiri kidogo, ikawaka, hatukufika mbali ikazima tena. Nikashuka na bisibisi tayari mkononi, nikafungua bakuli la kabureta. Karibu kavu.

"Weka hiyo bisibisi," baba akasema. "Fungua kifuniko cha tenki."

Nilipozungusha ufunguo hewa ikaingia fyuuu, kama tenki limeibuka majini. Petroli ikaanza kushuka kwenye mpira. Hakuna pampu pale. Petroli inashuka kwa uzito wake tu, na isipopata hewa ya kujaza nafasi iliyoacha, inagoma. Kazi hiyo ni ya kitundu kimoja kidogo kwenye kifuniko. Fundi rangi alikuwa amekiziba. Hakukosea, mimi ndiye niliyemwambia apige kote, na kifuniko pia, ipendeze.

Baba akavunja mwiba wa mgunga, akakaa juu ya jiwe, akaanza kuchokonoa. Miwani imemshuka puani, vigamba vyekundu vinamwangukia kwenye suruali ya kanisani.

"Na ile kabureta mpya ulinunua shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na tano, baba."

Akapuliza kitundu, akakielekeza kifuniko juani, akachungulia.

"Mimi waliniambia thelathini," akasema. Akafunga tenki, akapanda mbele, akashika usukani. Nikakaa nyuma.